Kichanja Kinachojikunja

Mtaa mzima ulimwita Baba yangu Bawaba, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka thelathini na mmoja aliunda vitanda vya kukunja katika karakana ya mabati, katikati ya nyundo na mashine za kusaga chuma. Watu walisema kitanda cha Bawaba kitakuzika, yaani utakufa ukiache. Yeye alicheka sana. Mimi sikuwahi kuupenda utani ule.

Alikuwa na namna yake ya kukagua kazi. Kila kitanda kilikuwa na komeo, kipande cha chuma kinachoingia kwenye tundu ili miguu isijifunge. Komeo likiingia lote hutoa sauti kavu: tak. Likikwama ukingoni hutoa sauti nzito: tup. Kwa macho huoni tofauti. Kitanda kitasimama vilevile mpaka siku kitakapolemewa. Kwa hiyo Baba hakuangalia. Alikipa kitanda mgongo, msaidizi akakifungua, naye akasikiliza. Ikiwa ni tak, alitamka neno moja tu, "Kimesema," na kitanda kikapakiwa. Ikiwa ni tup, alikibomoa. Nilimpelekea chakula cha mchana tangu nikiwa na miaka saba, na sauti zile mbili nazijua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu.

Alipostaafu alibaki akizungukazunguka nyumbani kama kuku aliyepoteza kiota. Kisha mwenye nyumba akabandika tangazo ngazini: ni marufuku kuanika nguo kwenye roshani, kwani jengo lake si meli na chupi zetu si bendera. Mama akafunga kamba sebuleni. Mgeni akija, ilibidi ainame chini ya shuka mbichi ndipo akione kiti. Tulinunua kichanja cha dukani cha kuanikia nguo, lakini kilihitaji mikono miwili yenye nguvu, na vidole vya Mama vilikwishapindishwa na baridi yabisi. Siku kilipombana kidole gumba, alikisukumia mlangoni.

"Wampelekee mtu mwenye mikono," alisema. "Si mimi."

Baba alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaanza kuchora nyuma yake.

Ilimchukua miezi mitatu. Alipima kila kitu: urefu wa shuka zetu, uzito wa blanketi likiwa limelowa, hata upenyo ulio nyuma ya mlango ambako kichanja kingesimama kikishakunjwa. Cha kwanza kilikuwa kigumu. Cha pili kilianguka na taulo moja tu. Cha tatu alikifunga springi mbili nene alizozitoa kwenye kitanda cha zamani, akaweka na kidude cha kubonyeza kwa kiwiko, kinachochomoa komeo. Mama alibonyeza. Miguu ikakutana kwa mkupuo, pah, na kichanja kizima kikawa bapa kama ubao. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mzee, hiki kitanila!"

"Kitakulaje na wewe ndiye uliyekitia njaa?" Baba akamjibu, na furaha imemjaa usoni.

Mimi sikucheka. Nilichukua karoti jikoni, nikakifungua kichanja, nikaiweka kati ya miguu na kubonyeza. Vipande viwili viliruka, kimoja kikaenda kutua chini ya kabati.

"Baba, kikijifunga mtu akiwa ndani?"

"Ndiyo maana kuna komeo, mama," alisema, na kunishika bega. "Mimi ni nani?"

Ni Bawaba. Ningesema nini zaidi?

Majirani walikiona, wakakitaka. Wa kwanza alikuwa mshonaji wa ghorofa ya nne, mwenye binti wa miaka mitatu tuliyemwita Kidoti. Mtoto yule alikuwa akishinda kwetu mama yake akiwa na kazi nyingi, na tangu siku ya kwanza aligundua kwamba kichanja chenye shuka ni nyumba. Alijikunyata ndani na mdoli wake, akitoa amri. Baba aliinama, akagonga chuma kwa kidole.

"Hodi mwenye nyumba!"

"Karibu! Vua viatu!"

Naye alivua. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilikuwa nikitazama komeo.

Nilikuwa nikiishi upande mwingine wa mji, nikija Jumamosi. Pengine ndiyo sababu niliona yale ambayo Mama aliyazoea. Birika la filimbi lililia mpaka maji yakakauka, na Baba ameketi hatua tatu kutoka hapo akipiga msasa. Mama alimwita mara tatu, kisha akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," tukacheka. Ukizungumza naye alikukazia macho mdomoni. Nilidhani ni uzee. Nilidhani ni ule ukaidi wake, na mimi nina hasira za mkizi, kwa hiyo nilikasirika badala ya kufikiri. Hilo silisamehe.

Jumamosi ile alikuwa amemaliza kichanja cha saba, ukianzia kile cha Mama. Alifanyia kazi kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, na kwa kawaida ni Mama aliyemfungulia kichanja wakati wa kukagua. Mama, ambaye tak na tup kwake ni kelele tu. Siku hiyo vidole vilikuwa vimemvimba. Nikashuka mimi.

Baba aligeuka, akakipa mgongo. Nilivuta miguu.

Tup.

"Kimesema," alisema Baba.

Nilidhani nimekosea. Nilikikunja, nikavuta tena. Tup.

"Kimesema. Mbona unarudia?"

Nikakikunja tena, nikakiegemeza ukutani, nikakiacha. Sikugusa chochote. Nilisimama tu nimeiangalia ile shingo yake nyembamba na kofia yake yenye vumbi la chuma, nikihesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu.

"Kimesema," alisema baba yangu.

Alipogeuka, alikiona kichanja kimekunjwa ukutani, akaniona nami. Uso wake ulinyauka mbele yangu, na nilimwonea huruma kiasi cha kutaka kusema nilikuwa nikitania.

"Tangu lini, Baba?" Nilisema polepole, ili auone mdomo wangu.

"Miaka minne." Aliketi juu ya kopo la rangi. "Sauti nene nazipata kidogo. Zilizobaki nasoma midomo. Fundi asiyesikia chuma ni nani, mwanangu? Ni mzee anayekula na kulala."

Ulimi ulishafika kwenye ile methali ya mficha maradhi, nikaumeza. "Viko vingapi nje?"

"Sita. Cha mama yako, na vitano vya watu."

Tulianza na cha Mama. Nilikikunja na kukifungua: tak. Nilishusha pumzi. Cha mwalimu wa ghorofa ya chini kilisema tak. Cha wale maharusi wa ghorofa ya kwanza kilisema tup, na juu yake pamening'inia suruali nne za kazi zinazochuruzika maji. Cha mlinzi kilikuwa salama. Kwa mjane wa ghorofa ya tatu, tup tena. Kila mlango Baba alibisha mwenyewe, akavua kofia, akasema, "Nisameheni, nimekosea kipimo, nitakirudisha kikiwa kizuri." Hakutaja masikio. Nilimwacha aseme anavyotaka, mradi tupande. Nilikuwa naogopa. Ilikuwa Jumamosi, siku ya kufua, na kwenye ngazi zote palinuka sabuni.

Kilibaki kimoja.

Ghorofa ya nne, Baba alisimama kidogo kuvuta pumzi, akifuta paji la uso. Mimi niliusogelea mlango. Ndani bomba la maji lilikuwa likimiminika bafuni, na mshonaji akiimba huku akisugua kitu kizito. Karibu zaidi, nyuma tu ya ubao wa mlango, ilikuwa sauti ndogo ikimwambia mdoli alale, maana blanketi limeloa na nje kuna mvua.

"Kidoti!" niliita. "Toka humo! Toka upesi!"

"Vua viatu!" alijibu.

Baba aliniona napiga kelele, akadhani naomba mlango ufunguliwe. Akanisogeza kwa upole, akabisha kwa kiganja, kama anavyobisha siku zote, ubao wote ukatikisika.

"Hodi! Hodi mwenye nyumba! Ni fundi wako!"

Nikasikia pah.

Sauti ndogo ilikoma. Bomba likaendelea kumiminika, kisha wimbo wa bafuni nao ukakatika, nyayo zikakimbia, na mayowe ya mshonaji yakajaa nyumba ile yote mpaka ngazini. Nilikuwa nikiusukuma mlango kwa bega. Baba alinishika mkono anizuie, macho yake mdomoni mwangu, akisubiri nimwambie kitu.

"Tusivunje mlango wa watu, mama," alisema. "Husikii kulivyo kimya? Labda wametoka."