Utani Mbele ya Mkwe

Jumapili moja baada ya misa, miaka ile deki za video zilipoanza kuingia Mbinga, niliwasha jenereta nikawaonyesha marafiki filamu ya vita vya kale vya Wachina. Rafiki yangu Mngoni, aliyekuwa akimchumbia binti wa baba yangu mdogo, aliketi mbele. Baba mdogo mwenyewe alikaa karibu na mlango.

Askari wa farasi walivamia kijiji. Walichoma nyumba, wakamkata mzee kichwa mbele ya wajukuu zake, damu ikatapakaa ukutani. Rafiki yangu akapiga makofi.

“Ninyi Wamatengo, hivyo ndivyo babu zetu walivyowakimbizia milimani!”

Tulicheka, kwa kuwa tulizoea kutaniana hivyo. Lakini mkwe hataniwi, na baba mdogo hakucheka.

“Rudisha nyuma,” akaniambia. Kichwa kikaanguka tena. “Cheka basi, Mngoni. Mwanangu, rudisha tena.”

Mara ya tatu rafiki yangu alikuwa ameinamisha uso. “Nisamehe, baba.”

“Baba wa babu yangu aliuawa hivyo hivyo,” baba mdogo akasema, akachukua kofia yake, akatoka.

Jumatatu asubuhi alinituma kuirudisha barua ya posa.