Goti la Abednego na Giaboksi Mbili

Saa tatu asubuhi, na jua la Same limekwisha kuchachamaa. Abednego Mgonja amelala chali juu ya gunia, kichwa kikiwa uvunguni mwa gari la kijani na miguu ikiwa nje. Goti lake la kushoto limefungwa kitambaa. Anagonga chuma kwa bisibisi, anasikiliza, anaguna.

Pembeni, katika yadi hiyo hiyo ya magari ya mitumba, limesimama gari jingine, jeupe, limesuguliwa mpaka unaweza kujichania nywele mbele yake. Yote mawili ni ya dizeli, yote yametoka Japani yakiwa yametumika, na kila moja linavuta kwa magurudumu yote manne. Bei ni ile ile: shilingi milioni tatu na laki mbili. Hata bei imekataa kumsaidia kuchagua.

"Leo lazima niondoke na moja," anasema kutoka uvunguni. "Mama Raheli kaniambia nikirudi mikono mitupu nikalale bandani. Na banda lenyewe ni tupu, ng'ombe wote wanne tumewauza."

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini waliosema hivyo hawakuwahi kupanda na kushuka Mbaga, juu katika milima ya Upare, wakati wa masika na abiria kumi na wanne, magunia sita ya tangawizi, na mama mjamzito anayewahi kushuka hospitali. Kwa Abednego, mwenye umri wa miaka 49, jembe likikosewa hakuna jingine.

Amepanda na kushuka barabara hiyo kwa miaka ishirini na miwili, tangu alipokuwa dereva wa gari la ushirika hadi aliponunua Landrova kuukuu ya ushirika huo huo. Anaikumbuka miaka ya themanini, wakati tairi ilitolewa kwa kibali na kibali kilitolewa kwa kujuana. Maji ya breki hayakupatikana, madereva wakatia maji ya sabuni.

"Tatizo, sabuni nayo ilikuwa haipo," anasema, na kicheko chake kinagonga bati la gari. "Ukiwa nayo, mke anataka kufulia, wewe unataka kufungia breki. Ugomvi!"

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, magari yakaanza kushushwa bandarini kama mahindi, na sasa, mwaka huu wa 1993, mtu wa mlimani anaweza kusimama mjini Same akaringa mbele ya magari mawili. Ila ruksa haikuleta fedha. Nauli ya Mbaga ni shilingi 400, na baada ya dizeli na viraka vya tairi, Abednego anasema hubaki na elfu tatu kwa siku, siku ikiwa njema. Landrova ilipokufa mwezi wa pili, hata hizo zilikoma.

Gari jeupe lina injini ya silinda nne yenye tabo, ile inayosukuma hewa ndani ili gari lipande kwa nguvu. Giaboksi yake ni otomatiki, haina klachi ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto. La kijani lina silinda sita, halina tabo, lina gia tano za kubadilisha kwa mkono, na linanguruma kama lina deni na mtu.

Hezroni, fundi aliyemtengenezea Abednego magari tangu ujana wao, hakuwa na shaka. "Nilimwambia chukua jeupe," anasema huku akifuta mikono. "Huyu ana goti bovu. Daktari amemwambia aachane na klachi. Kwa lile jeupe angeendesha miaka kumi mingine. Kwa hili la kijani, miwili, mitatu akibahatika."

Hapo ndipo penye uchungu wote. Abednego hajui kazi nyingine, na anakiri bila kuzungusha kwamba anaogopa kuwa mzee wa kukaa barazani akihesabu magari ya wenzake.

Kwa hiyo Jumatatu aliliomba jeupe, akalipandisha mlimani kulijaribu, akiwa na Hezroni na binti yake Raheli, mwenye miaka 24, ambaye tangu amalize kidato cha nne hukusanya nauli na kupanga mizigo. Kule tambarare, kabla ya kufika Mwembe ambako mlima unaanza, mara nyingi yeye ndiye huendesha.

Gari lilipanda kwa raha. Abednego anasema mguu wake wa kushoto ulilala kama mtoto. Walipofika Mbaga kulikuwa na ukungu, na taa zilikuwa zinawaka. Akaliegesha kama dereva yeyote wa huko anavyoegesha: pua ikitazama bondeni. Betri nzuri mlimani ni mali adimu, hivyo asubuhi gari huachiwa mteremko, likishika kasi unatia gia, injini inaamka. Watoto wa Mbaga wanajua kusukuma gari kabla hawajajua kusoma.

Wakaenda kula makande kwa dada yake. Taa alizisahau.

Aliporudi, betri ilikuwa imekufa. Hezroni alikuwa bado ndani, anaongezewa sahani. Watu waliokuwa wakitoka kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, walitua majembe wakaja nyuma ya gari bila kuombwa. Raheli akaingia mbele, kiti cha abiria. Abednego akashika usukani, akatoa gia, watu wakasukuma.

"Likashika kasi, nikatia gia," anasimulia, na sasa ametoka uvunguni, amekaa. "Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikakanyaga breki, ngumu kama jiwe. Usukani nao mzito. Injini imezima, basi hakuna kinachonisaidia."

Giaboksi ya otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa. Hezroni angemwambia hivyo, lakini Hezroni alikuwa na makande mdomoni.

Abednego aling'ang'ana na usukani kuelekea kwenye ukingo wa udongo. Raheli akaikamata breki ya mkono kwa mikono yote miwili, akaivuta mpaka bega likauma. Gari likajikita ukingoni, bampa likapinda. Hakuna aliyeumia.

"Mimi nilipiga kelele," anasema Abednego. "Yeye alivuta breki."

Hezroni, ambaye alilinyoosha bampa bila malipo, bado analitetea lile gari jeupe. "Kosa si la gari. Mazoea yana taabu. Angezoea tu."

Abednego anakubali, na ndiyo maana amefikiri siku mbili. "Mimi ningezoea. Je, mlima mzima ungezoea? Likizima usiku na mgonjwa ndani, watu watatoka kusukuma, wataona halifai kusukumwa. Hiyo tabo inataka oili safi. Kwetu tunapimiwa oili kwenye chupa ya soda. Na giaboksi ile, nani wa kuifungua Mbaga?"

Anakanda goti.

"Lile jeupe lilikuwa gari la goti langu," anasema. "Abiria wangu hawajapanda goti langu."

Karibu saa sita anamwita mwenye yadi. La kijani. Hezroni anatikisa kichwa, kisha anakwenda kumpimia maji na oili.

Raheli, aliyekuja naye yadini, amekwishaomba leseni ya kubeba abiria. Mtihani ni mwezi ujao, mjini Moshi. Yeye ndiye atakayeendesha. Wapo Mbaga wanaosema hawatapanda gari la mwanamke.

"Watapanda," anasema Raheli. "Kutembea kwa mguu mpaka Same ni mwendo wa saa nane. Ubishi wa Mpare unaishia saa ya pili."

Baba yake anacheka, macho yakiwa mekundu. Mpango wake ni kukaa naye mwaka mmoja, kona kwa kona, kisha ashuke kabisa.

"Kwanza nijifunze kunyamaza," anasema. "Hilo ni gumu kuliko klachi."

Anamkabidhi binti yake ufunguo, anachechemea kuzunguka mbele ya gari, na kwa mara ya kwanza tangu awe dereva anafungua mlango wa abiria kwa safari ya kupanda mlima.

"Haya, dereva," anasema. "Twende nyumbani."