Mti wa Bunduki Alioupunguza Mama

Rafiki yangu, nimerudi Umm Salal baada ya miaka mingi, na nimetoka huko na hasira inayonikosesha ladha ya chakula. Tulialikwa shambani, mimi, kaka yangu mkubwa na mama yetu, kwa Mqatari mmoja ambaye marehemu mzee wake alikuwa mteja wa baba. Baada ya kula akaitoa bunduki ya mzee uani tuione. Ni ya kuwindia, ile ya kuvuta komeo kila risasi, na mti wake, yaani ile mbao inayokaa begani na shavuni, bado mwembamba, mweusi kwa mafuta. Mwenyeji akaupapasa, akamwambia kaka kwa Kiarabu, "Mungu airehemu mikono ya baba yenu." Kaka akaitikia amina. Mama alikuwa anamenya chungwa.

Ngoja nikwambie hiyo mikono ilikuwa ya nani.

Tulikulia mtaa wa Najma, mjini huko huko kwa Waqatari, nyumba ya kupanga yenye ua mdogo nyuma. Baba, seremala kutoka Unguja, aliweka meza yake ya kazi pale uani. Asubuhi palinukia mbao na mandazi ya iliki kwa pamoja. Eisii ya dirishani iliunguruma kutwa na kudondosha maji kwenye ndoo, nasi hatukuyatupa. Mimi nilifagia maranda, na mama akayatumia kuwashia mkaa wa chetezo. Nayakumbuka hayo yote kwa mapenzi, usidhani siyakumbuki.

Yule mzee wa Umm Salal alileta bunduki ikiwa na mti mnene kama mchi. Alikuwa mtu wa mkono mdogo, kidole chake hakifiki pa kufyatulia bila kujinyoosha. Baba akaupunguza kwa randa na tupa. Mzee akaja, akaushika, akatikisa kichwa. Baba akapunguza tena, ikawa vile vile. Baba alikuwa fundi mzuri wa milango na makabati, sitaki kumdhulumu, lakini kiganja chake kilikuwa kipana na kila kitu alikipima kwa kiganja hicho. Na mbao ukishaitoa huwezi kuirudisha. Siku hiyo aliuacha mti mezani, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Mama akatoka jikoni, akajifuta unga mikononi, akaunyanyua ule mti begani kwake.

"Huyu mzee mkono wake kama wangu," alisema. "Hapa shingoni mwa mti, mkono unaposhika, bado pana kona. Ndipo panapomsumbua."

Msasa wa kazi zote za baba ulikuwa wake tangu aolewe, lakini safari hii alishika na tupa. Alikwaruza, akafumba macho, akaushika, akakwaruza tena, huku mimi nimeukamata upande wa pili usicheze. Kisha akaufuta kwa kitambaa kilicholowa maji ya eisii. Nyuzi za mbao zikasimama, akazilaza kwa msasa laini, akalowesha tena. Mwisho akaupaka mafuta ya kitani kwa kiganja kitupu mpaka mbao ikapata moto. "Fumba macho ushike," aliniambia. Nikashika, sikuona pa kulalamikia.

Mzee alipokuja akaushika mara moja, akacheka kwa furaha, akamkumbatia baba. Baba akazipokea shukrani. Mama alikuwa nyuma ya pazia, nikamwona anatabasamu, na tabasamu lile linaniudhi mpaka leo. Baada ya hapo wawindaji wakafuatana. Geti likigongwa, mama anaweka tupa chini na kuingia ndani. Baba alisema hakuna mwanamume atakayeleta silaha yake akijua inashikwa na mwanamke. Huenda alisema kweli. Hilo halinipunguzii chochote.

Sasa turudi shambani. Mwenyeji akatuambia anaubadilisha ule mti, kwa sababu mwanawe anataka wa plastiki, mnene, wa kisasa. Mama akajifuta vidole.

"Hebu nipe," akasema.

Akapewa, watu wakicheka. Akaupeleka begani, na mkono wake mkongwe ukakaa pale shingoni bila nafasi hata ya uzi. Akaugeuza, akagusa chini kwa kidole gumba, akaniambia kwa Kiswahili, "Hapa nilizidisha msasa. Siku zote paliniuma."

Mwenyeji akamuuliza kaka, "Anasemaje?"

"Anamwombea baba," kaka akajibu.

Nikamkatiza. Nikamweleza mwenyeji kwa Kiarabu yote aliyosema mama, na kwamba mti ule ni kazi yake. Akamtazama kaka, kaka akainamia simu yake. Basi mwenyeji akatabasamu kwa adabu zake, akasema, "Mama zetu wote walisaidia." Mti ulipovuliwa alimpelekea kaka, uwe ukumbusho wa baba.

Nyumba ya Najma imebomolewa, na palipokuwa ua wetu sasa watu wanaegesha magari. Vifaa vya baba sijui viko kwa nani. Hayo yamepita na nimeyazoea. Lakini mama yetu yu hai. Anaishi na kaka huko The Pearl, kwenye maghorofa ya kitajiri, na ule mti umetundikwa sebuleni. Wageni wakiuliza ni kazi ya nani, kaka anaanza hadithi ya baba, na mama anainuka kwenda jikoni kuwaletea chai.