Kinga Kumi na Moja

Naomba msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimekaa nayo kimya miaka mingi, na leo naitoa kwa sababu Isma mwenyewe kaniambia, "Wewe wasimulie tu, pengine itakutoka rohoni." Basi jamani, mwenzenu siku moja nilisimama mwaloni mbele ya wanaume kumi na mmoja, wachuuzi wa samaki na mwanajeshi mwenye bunduki, nikapiga kelele neno ambalo hata duka la dawa mimi hulinong'ona.

Mimi ni wa Mombasa. Nikaolewa Kasese, karibu na mpaka wa Congo, na Isma, mwenye Fuso la kubeba nyanya na vitunguu kutoka Bwera. Kiswahili cha huku kilinichekesha tangu siku ya kwanza, mtu anakwambia "watoto inakula" na wala haoni haya, nami kazi yangu ikawa kusahihisha: nikamsahihisha Isma, nikamsahihisha mama wa ndizi, nikamsahihisha hata shekhe akitangaza msiba (Mungu anisamehe). Kwa Kiswahili nilijiona mimi ndiye kamusi, wengine wote wanafunzi.

Sasa Shamsa wetu alikuwa ndiyo kwanza anaota meno, Isma akaja na habari ya safari. Mama yake alizikwa Congo, ng'ambo ya ziwa, kijiji cha ndani kidogo, wakamzika bila yeye, na tangu hapo hakuwahi kufika, mara vita, mara ziwa limefungwa, mara Fuso limekufa injini. Wenzake wa baiskeli, wale anaopanda nao hadi Kilembe kila Jumapili, wakamwambia tutakusindikiza: tunapakia baiskeli kwenye Fuso hadi Bwera, tunateremka nazo mwaloni, tunavuka na feri (feri gani, boti la mbao lenye injini, ila wao walisema feri), tunazuru kaburi, jioni tumerudi.

Nyinyi mmesikia nini hapo? Mimi nilisikia uongo. Kaburi gani linazuriwa na wanaume kumi na mmoja waliovaa kaptula za kubana?

Na dalili zilikuwepo, msinione nina roho mbaya bure. Isma alianza kupokea simu nje, kule nyuma karibu na choo, eti ndiko mtandao unakoshika. Nikinyemelea nasikia sauti ya mwanamke, na Isma anacheka, kicheko ambacho mimi nilikuwa sijakisikia tangu fungate. Jina kwenye simu: Kavira. Nikamuuliza Kavira ni nani, akasema, "Ni mutu wa kule, anatusaidia na boti." Hakuniangalia usoni (alikuwa anafunga kamba za viatu, lakini hilo nimelikumbuka baadaye).

Alhamisi akaingia kuoga, simu akaiacha kitandani, ikatoa mlio. Ningeiacha ilie, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Mkono ukaenda wenyewe, nikasoma: "Isma, mukuye na kinga. Kila mutu na yake, ya huku iko mubaya, inapasuka njiani. Bateau inaondoka saa ine. Niko nabangoya na furaha."

Bateau nilijua ni boti, nabangoya ni nawangoja. Kinga! Kila mtu na yake! Tena za huko zinapasuka! Nikapandisha juu kuona alichokuwa amemwandikia jana yake: "Usijali mama, kinga iko kumi na moja. Ya mimi nimepaka mafuta."

Mafuta, jamani.

Mtu mwenye akili angemngoja mumewe atoke bafuni amuulize. Au ningemsomea hata jirani yangu Biira, Mkonzo wa Rukoki anayekijua Kiswahili cha ng'ambo, ambaye jioni ile aliniona nimevimba uso akaniuliza, "Mama Shamsa, kuna nini?" nikamwambia jino. Lakini mimi nimuulize mtu Kiswahili? Mimi? Kinga naijua, hata kliniki ya akina mama imebandikwa ukutani: tumia kinga. Nikaapa nitawafumania kweupe.

Jumamosi walipoondoka alfajiri, nikamwachia Biira mtoto, nikavaa buibui na miwani ya jua, nikachukua gari hadi Bwera, kisha bodaboda mpaka mwaloni. Nikawakuta wanakunywa chai, baiskeli zao wamezipanga kwenye ukuta wa kibanda. Jicho langu likamtafuta Kavira. Nikaona msichana mmoja mrembo wa samaki, nywele kasuka vizuri, anacheka cheka na nahodha, nikasema moyoni, ndiye huyo, leo atanitambua. Kando yake kulikuwa na bibi kizee aliyekalia dumu, wala sikumtazama mara mbili.

Nikamwendea mwanajeshi anayeandika wasafiri kwenye daftari.

"Afande," nikanong'ona, "wale wanaume wanavuka na kinga."

"Ndiyo."

"Kumbe unajua?"

"Si naona? Iko kumi na moja. Nimeshaandika."

Serikali imeziandika! "Na wewe unawaachia?"

"Sasa mama, baende kule bila kinga, baende na nini? Hata mimi iko na yangu, natumia kila siku."

"Kila siku!"

"Kila siku. Juzi padri ameomba, nikamuazima. Amenirudishia na matope mingi."

Wallahi nilishika ukuta. Nikajisemea huku wote wameoza, kuanzia jeshi mpaka kanisa. Na hapo ndipo Isma akaniona, akaja na kikombe chake mkononi, hana hata wasiwasi. "Mama Shamsa? Unafanya nini hapa? Mutoto iko wapi?"

Ule utulivu wake ndio ulionipandisha mori. Nikavua miwani. "Mtoto hajambo! Zitoeni hizo kinga zenu watu wazione! Afande, hawa wamebeba kondomu! Kondomu! Magendo, wanapeleka Congo kwa wanawake, wapekue!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapara samaki akasimamisha kisu.

Nyinyi mnajua neno magendo mpakani lina uzito gani. Afande alikuwa anatabasamu, tabasamu likakatika papo hapo. "Wote kaa chini! Begi mbele! Hakuna mutu inapanda boti!"

Isma akasema, "Afande, huyu ni bibi yangu, amekosea tu." Afande akasema, "Mama ameripoti mbele ya watu. Nikiwaachia, kesho mimi ndiyo naulizwa." Wakapekuliwa mmoja mmoja. Vikatoka pampu, viraka, chapati, soksi. Nahodha anapiga kelele kwamba saa imefika, anasema upepo ikianza yeye havuki, na abiria wengine wenye mizigo wanamzomea aondoke. Nami nimesimama kidete, nangoja pakiti.

Begi la Isma likawa la mwisho. Mlikuwa na sukari kilo mbili, ubani kwenye karatasi, na jembe dogo jipya lisilo na mpini. Afande akalinyanyua. "Hii ya nini?"

"Ya kupalilia kaburi ya mama," Isma akasema. Hakunitazama.

Yule bibi kizee akainuka pale kwenye dumu, akaja polepole mpaka mbele yangu. "Weye ndiyo bibi ya Isma? Mie Kavira. Nimevuka asubui nimupokee, juu ya vile huyu mutoto hajue njia ya kaburi." Kisha akanishika mkono kama mtu anayemwonyesha mtoto ng'ombe, akaninyooshea kidole kule ukutani. "Kinga ni ile. Ile ya magurudumu mbili. Kwenu munaiita namna gani?"

"Baiskeli," nikasema, na sauti haikufika mbali.

Mbona kila kitu kilijipanga chenyewe kichwani: zinazopasuka ni matairi, na mafuta ni ya mnyororo. Na padri na matope yake, masikini! Kicheko kilianzia kwa yule msichana wa samaki, kikazunguka mwalo wote, mpaka afande akajiinamia na bunduki yake. Ningeweza kuingia ndani ya dumu la yule bibi, ningeingia nifunge na kifuniko.

Waliokuwa hawacheki ni wawili, Isma na Mama Kavira. Kwa sababu nahodha alikuwa amekwisha kuwasha injini. Isma akakimbia hadi majini, viatu vyote vikalowa, akasihi, akashika ubao wa boti, nahodha akatikisa kichwa, eti boti limeshajaa, imebaki nafasi ya bibi tu, akaonyesha ziwa, na kweli lilikuwa limeanza kuchafuka. Akaambiwa labda wiki ijayo. Basi akamsaidia Mama Kavira kupanda, akampa sukari, akampa ubani, akampa na jembe. "Mama, unisaidie kumulimia," akamwambia. Bibi akalipakata jembe kwenye kanga yake, boti likaenda.

Kurudi Bwera hakukuwa na bodaboda, ile yangu ilishaondoka. Nikapandishwa kwenye keria ya nyuma ya baiskeli ya Isma, mimi na buibui langu, na wale kumi wakaenda mbele kutustahi. Njia ni mlima. Nikamwambia nishuke nitembee, akasema kaa. Nilimwomba msamaha kila kona na yeye anakanyaga tu, jasho linamtoka, mpaka tulipoona mabati ya Bwera ndipo aliposema, "Ungeniuliza tu, mama Shamsa. Ningekwambia."

Wiki iliyofuata ziwa likafungwa kwa usalama. Lilipofunguliwa, miezi mingi baadaye, Mama Kavira alikuwa amekwisha kufariki, na pale kijijini watu wamehama, hakuna aliyebaki wa kuonyesha kaburi lipi ni la nani. Isma amevuka mara mbili, akarudi hivyo hivyo, akaniambia amesimama katikati ya makaburi tu, akawaombea dua wote.

Ndugu zangu, ujumbe wa simu ukikupandisha presha, mngoje mwenyewe atoke bafuni umuulize, mgombane humo humo chumbani, yataisha. Mimi nimeapa, neno lolote lenye harufu nauliza kwanza, hata nionekane mjinga. Isma hajawahi kunisimanga hata siku moja, na afadhali angenisimanga. Kila akimaliza kuswali akimwombea mama yake, mimi naitikia amina nikiwa nimeinamisha macho.