Kufuli la Tito limo kwenye debe langu la unga

Kamwene, nawasalimu kwa Kibena. Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni bibi wa miaka sitini na nane, mjane, naishi Makambako. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka kucheka mwandiko wangu acheke sasa amalize, kisha asome.

Napika chakula nje ya uzio wa karakana ya treni. Wanaipanua. Njia za reli wameshaongeza, sasa wanafunga taa za kuongoza treni na mota za kusogeza reli pale njia zinapogawanyika. Msimamizi wa mafundi ni mwanangu wa kuzaa. Nimetamba naye mji mzima mpaka kanisani, wenye wivu wakanuna wakanuka.

Kazi ile ina sheria moja ambayo hata mimi naielewa. Fundi akiingia kwenye reli anatundika kufuli lake kwenye boksi la swichi, jina lake limekwaruzwa kwa msumari. Kufuli likiwepo, mota haiwashwi, hata aje waziri. Mwenyewe ndiye analifungua akitoka.

Siku hiyo mchana kijana nitakayemwita Tito alikula kwangu. Akasema, "Bibi, ugali wa leo tungejengea nyumba." Nikamwambia, "Kamwambie mkeo akukorogee uji, una meno ya mtoto." Akacheka, akatoka mvua ikinyesha. Baadaye mwanangu akanipigia simu. Wakubwa wamefika kuona mota ikijaribiwa, Tito haonekani na simu yake haipokelewi. "Mama, yupo hapo kwako?"

Sikuona Tito alielekea wapi. Lakini mdomo wangu huu haujazoea kusema sijui. Nikajibu, "Yule? Saa hizi yuko kilabuni, kwenye ulanzi, amelewa. Mimi namjua."

Mwanangu, wakubwa wasione, akalikata kufuli la Tito lililokuwa bado linaning'inia; hayo niliyajua baadaye. Mota ikawashwa. Kumbe Tito alikuwa ameinama kwenye reli anaunga waya, simu ameiacha kwenye koti. Reli ikasogea, ikamkamata mguu. Ukelele wake niliusikia nikiwa naosha masufuria.

Mguu umekatwa chini ya goti, hospitali huko Njombe. Mwanangu akawaambia wakubwa Tito hakutundika kufuli. Wakamwamini, na mimi nikamwamini, nikawa wa kwanza kusema mtaani kwamba vijana wa siku hizi ni wazembe. Mpaka nilipofua ovaroli la mwanangu. Mfukoni, kufuli jekundu, limekatwa, jina la Tito juu yake.

Nikamwita. "Hiki nini?"

"Mama, nipe."

"Nimekuuliza, hiki nini?"

Akakaa kwenye kigoda kama mgonjwa. "Kwani ni nani aliyeniambia yuko kwenye ulanzi?"

Mkono nilikuwa nimeshauinua nimpige. Ukashuka wenyewe. Kufuli sikumpa, nikalifukia kwenye debe la unga.

Jumapili nikaenda Njombe na parachichi. Tito akaniambia, "Bibi, najiona kabisa nalitundika lile kufuli. Lakini wote wanasema sikulitundika. Labda kichwa changu kimeharibika." Mkewe akamfunika shuka, akasema, "Yaache hayo, baba Neema." Usiku anaamka anapapasa ukuta, anatafuta boksi la swichi. Mkewe ndiye aliyenieleza, akanishukuru kwa kuja. Akanishukuru! Mimi ninayemgombeza hata mchungaji, nilimenya parachichi, nikampa mgonjwa, nikarudi nyumbani.

Alhamisi wanakuja watu wa uchunguzi. Wataniita, maana mimi ndiye niliyemlisha mwisho. Mwanangu ana watoto watatu. Jana alipiga magoti jikoni, mtu mzima na ndevu zake, akasema, "Mama, utanifunga kwa mdomo wako?" Nikimtazama namwona yeye, nikifumba macho namwona Tito anapapasa ukuta.

Msije hapa kuniambia "bibi omba Mungu". Nimeomba, na kufuli bado limo kwenye unga. Wala msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha kwa Kibena na kwa Kiswahili. Nipeni neno la watu wazima. Nimpeleke jela niliyemzaa, au nimwache mtoto wa mwenzangu aamini kwamba ana wazimu? Nishike lipi? Nawauliza ninyi kwa sababu safari hii, mimi bibi yenu, sijui.