Maziwa Yaliyopigwa na Jua

Mimi Libérate nina saluni Isipingo, karibu na renki, kituo cha taksi. Antoinette ananisukia wateja. Desemba ile nilimkasirikia, nasema wazi.

Kwa wasusi, Desemba ndiyo wakati wa kulima: hupumui. Mtoto wake Serge, miezi minne, alishinda kwa jirani akipewa uji mwepesi. Jioni analetwa saluni, na Antoinette anainama kwenye sinki langu, anakamua maziwa ya kwanza, anamwaga. Ndipo anamnyonyesha.

"Unamwaga nini, we mama?"

"Yaya, dada yangu, yamepigwa na jua. Nimeshinda kwenye joto la draya na maji ya moto. Yatamharibia tumbo."

Kwao Fizi akina mama wakitoka shamba hufanya hivyo. Sasa jua la shamba linaingiaje kwenye saluni yenye feni? Lakini nikafunga mdomo, maana wangu wanne niliwafanyia vilevile.

Januari kliniki wakampima Serge uzito. Amepungua. Sista, yule muuguzi, akasema asipoongezeka kwa wiki mbili, atalazwa. Akauliza mtoto anakula nini, nikatafsiri kwa Kizulu changu kibovu, na habari ya sinki nikaitaja. Sista akaniangalia mimi mwenye saluni, si Antoinette.

"Maziwa hayaharibiki ndani ya titi. Hata mama akilima kutwa nzima. Uji aache. Mlete mtoto kazini anyonye."

Nikatandika godoro chini ya rafu ya rasta. Serge akawa ananyonya huku mama anasuka. Mteja mmoja wa Westville, mtaa wa wenye pesa, akalalamika kwamba hapa si chekechea. Nikamwambia saluni ziko nyingi.

Wiki mbili: ameongezeka gramu mia nne. Sista akasema, "Sharp," yaani safi kabisa. Antoinette akacheka mpaka akalia, na mimi nikalia, eish, mbele ya watu.

Siku ileile akampigia mama yake Fizi, spika wazi. "Mama, Serge amenenepa! Kumbe maziwa hayaharibiki na jua."

 

"Hata ya wakati wa kulima?" mama akauliza.

"Hata hayo, mama."

 Mama huyo alizaa saba. Wawili wao, Dominiki na Japhet, walikonda wakafa kabla ya kutembea, wote wawili wakati wa kulima.

"Basi mpe yote," akasema. "Usimwage."

Antoinette akamhamishia Serge titi la pili. Mteja alikuwa amesukwa nusu kichwa. Akangoja.