Mazoezi ya Kwaya Wodini

Jumamosi kwaya yetu ilikwenda wodini hapa Ifakara kumfariji mama mmoja wa Mchombe, mgonjwa wa kansa ya ini. Daktari alishamwambia wazi kwamba hana dawa tena. Sisi tukamwambia, "Mama, mwakani utavuna mpunga!" Mimi, Mungu anisamehe, nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mpunga mtavuna ninyi," akajibu. "Niimbieni wimbo wa maziko."

Mwenyekiti wetu akaruka. "Mama, hayo yashindwe! Wewe umeshapona."

"Mwanangu, shemeji yangu mlimzika kwa sauti za fisi. Siku yangu sitaweza kunyanyuka niwasahihishe. Haya, besi anza!"

Tukaimba tukitazama sakafu, naye akipiga mapigo kwa kidole kwenye chuma cha kitanda. Ubeti wa pili besi akaangua kilio, na wote tukafuata.

Wasomaji, naungama: huwa tunamtangazia mgonjwa uponyaji ili tusilazimike kuzungumza naye.

Mama alitungoja tupenge kamasi.

"Lieni mmalize leo," akasema. "Siku yenyewe nataka sauti zote nne."